Udongo Wetu Mmeuweka Wapi?

Ukimwamkia Mpimaji shikamoo, hakuwa na haraka ya kuitikia. Alikutazama kwanza toka miguuni kwenda juu, kana kwamba anatafuta mahali pa kupigilia kigingi, kisha akasema: "Marahaba. Na udongo wetu mmeuweka wapi?" Alimwuliza hivyo mwenyekiti wa kijiji. Alimwuliza padri aliyekuwa akipita kwenda kusoma misa. Alimwuliza mama yangu mzazi akiwa amempakata mjukuu mwenye homa, na mama, kwa adabu zake, akajibu kwamba udongo upo, baba, haujaenda popote. Sisi tukacheka. Tulicheka kwa miaka, na leo nikikikumbuka kile kicheko natamani kumzaba mtu kibao, ila sijui nianze na nani.

Nianze na yeye.

Alikuwa mtu wa mtaa wa Ng'ambo, wa mjini kabisa, wa kahawa chungu na kashata, na kwetu alikuja kwa kazi. Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya kwenda Nzega, mahali ambapo zamani wapagazi walipita na mizigo kichwani wakielekea ziwani. Barabara ikitengenezwa inataka changarawe, na changarawe haianguki kutoka mbinguni. Lazima pachimbwe mahali. Kazi ya Mpimaji ilikuwa kusema pachimbwe wapi, paanziwe upande gani, nini kirundikwe wapi, na machimbo yaachwe vipi wakandarasi wakishaondoka. Kila alipopata kazi upande wetu alipanga chumba cha uani kwa mama. Kwa hiyo nilimjua kama unavyomjua mpangaji, kwa kikohozi chake, kwa sauti ya ndoo yake, na kwa suruali zake.

Zile suruali. Kila alfajiri alipuliza mkaa kwenye pasi na kunyoosha suruali kwa mkunjo wa kukata kidole, halafu akaenda kuivaa vumbini. Mama alimwambia mara moja, "Mwanangu, huko si kuna matope tu?" Akajibu, "Shimo likikuona mchafu linakudhani mwenzake." Hakuongeza neno. Hakuwa mtu wa kuongeza neno.

Kilichonikera zaidi ni pikipiki. Wakati huo mimi na wifi yangu Kulwa tulikuwa tukichota maji mbali, kwenye visima vya mbugani, tunatoka giza bado halijapasuka na kurudi jua limeshachoma. Na Mpimaji, mtu ambaye riziki yake ilikuwa kupanga machimbo yaje kuweka maji, aliosha pikipiki yake kila asubuhi kwa ndoo mbili. Ndoo mbili zilizotoka shingoni mwangu. Siku moja nilishindwa kuvumilia nikamwuliza kama ile pikipiki anakwenda kuioa. Akasema, "Pikipiki chafu haifiki," akaendelea kusugua rimu.

Haki yake nayo niiseme, maana hasira isiyo na haki ni kelele. Mama alipozidiwa msimu ule wa mvua, barabara imekatika na magari yamegoma, ni yeye aliyempakia kwenye ile pikipiki, akamfunga kwa kanga yangu mgongoni mwake asidondoke, akamfikisha hospitali mjini. Bodaboda mbili walizipita zimezimika njiani na wenyewe wamesimama kwenye maji wanakung'uta plagi. Ya kwake haikukohoa hata mara moja. Mama alipona. Mpimaji alirudi, akaomba maji ya kuosha pikipiki, na habari hiyo hakuizungumzia tena. Nilimletea ndoo tatu.

Sasa niseme kazi yake, kwa sababu alikuwa hodari na ubishi wangu si juu ya uhodari.

Wengine wanaochimba changarawe huanza pale inapoonekana na huacha pale inapokwisha. Ukitoka mjini kuja kwetu utayaona mashimo yao kulia na kushoto, kuta zimesimama wima, ndama hutumbukia wasitoke, na mvua zikinyesha yanajaa maji ambayo mtu hawezi kuyafikia bila kujining'iniza. Jirani yetu mmoja alitoka kunywa akaishia humo, wakamkuta asubuhi. Mpimaji akipita na pikipiki alisimama kwenye kila shimo la namna hiyo, akatema mate, akaendelea na safari. Yeye alipanga kazi kuanzia mwisho. "Mchimbaji hodari huanza kwa kuondoka," alikuwa akisema, na watu wa katapila walidhani anawafukuza kazi. Kabla jembe moja halijaingia ardhini alikuwa ameshapiga vigingi kuonyesha ng'ombe watashukia wapi kunywa, maji yataingilia wapi, yakizidi yatatokea wapi. Neno shimo hakulitaka pale kazini. Dereva wa tipa aliyesema "naenda shimoni" alipakiwa wa mwisho. Ilibidi waseme bwawa, na wakati huo hapakuwa na unyevu wa kutosha kulowanisha ulimi.

Kwenye mkutano wa kijiji mkandarasi alitaka kuchimba kilimani, karibu na lami, apate kazi nyepesi. Mpimaji alikuwa analipwa na mkandarasi huyo huyo, lakini alisimama mbele yetu na suruali yake akasema hapana, kuchimbwe kwenye ukingo wa mbuga, pale wazee wanaposema misafara ililala. Mkandarasi akamwuliza hayo ya misafara yanahusiana nini na barabara. "Wapagazi ndio wapimaji wa kwanza," akasema. "Mtu mwenye mzigo kichwani hakosei maji." Tulipiga makofi. Tukakubali wachukue changarawe yote wanayoitaka, kwa sharti kwamba wakiondoka watuachie bwawa la kunywa watu na mifugo. Mimi nilichaguliwa katibu wa kamati ya maji. Kulwa alisema sasa shingo yake itarudi urefu wake.

Basi wakachimba. Udongo mweusi mzito wa mbuga ulikuwa juu, changarawe ikawa katikati, na chini yake udongo wa mfinyanzi wa njano. Ule mweusi hakukubali utupwe. Aliuweka kando, rundo kubwa refu kuliko nyumba, akalizungushia miiba. Changarawe ikaenda barabarani. Walipofika kwenye ule wa njano akasema mwisho hapo.

Msimamizi wa mkandarasi hakutaka mwisho uwe hapo. Chini ya mfinyanzi kulikuwa na mchanga mzuri wenye kokoto, na barabara ilikuwa bado inadai. Asubuhi moja walileta kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kuingia chini zaidi. Mpimaji alikuja na kiti cha plastiki kutoka kwetu, akakiweka katikati ya bwawa kavu, akaketi, akafungua mwavuli, akamimina kahawa kutoka kwenye chupa ya chai. Dereva wa kijiko akapiga honi. Mpimaji akanywa.

"Mzee, toka tufanye kazi," msimamizi akamwambia.

"Fanyeni. Mimi sijawazuia."

"Umekaa mbele ya mashine."

"Nimekaa kwenye sakafu. Hapa ndipo penye baridi."

Kijiji kizima kilikuwa juu ya ukingo kinatazama. Alikaa pale mpaka dereva akazima injini, akashuka na kwenda zake kula. Kesho yake kijiko kiliondoshwa. Tulimshangilia. Lakini kwa nini amekaa pale, kwa nini ile sakafu isiguswe, hakumwambia mtu. Nilimwuliza mwenyewe jioni nikimwandalia ugali. Akasema, "Sakafu isiguswe." Nikamwambia hilo nimesikia, nataka sababu. Akanitazama kama nimemwomba mkewe. "Watu wakijua sababu wanaanza kubishana nayo," akasema, akanawa mikono.

Haya ndiyo maneno ninayomdai mpaka leo.

Sisi Wanyamwezi ukitukataza kitu bila sababu tunakitafutia sababu sisi wenyewe, na tunaipata nzuri kuliko ya kwako. Watu walikaa wakatafakari. Mahali ni kambi ya misafara. Mtu mzima kutoka Ng'ambo, mwenye damu ya Kiarabu kwa upande fulani, ndivyo walivyosema, amekataa kuchimba kilimani, amechagua hapo hapo. Mashine inataka kuchimba, yeye ameketi juu yake na mwavuli. Kuna nini chini? Huku kwetu jibu la swali hilo huwa ni moja. Mjerumani aliacha mali akikimbia vita, au mfanyabiashara wa zamani alizika pembe na rupia. Kila mtu ana mjomba anayemjua mtu aliyeona alama kwenye jiwe. Kabla barabara haijaisha ilikuwa imeshakubalika kijijini kwamba Mpimaji analinda mali.

Aliondoka na mkandarasi. Siku ya kuaga alisimama kwenye ukingo, mbele ya kamati, akatoa hotuba yake yote: "Sakafu isiguswe. Na ule udongo usiguswe." Akawasha pikipiki. Niliposema shikamoo ya kumuaga akajibu marahaba, na udongo wetu mmeuweka wapi, nami nikamwonyesha rundo kwa kidole nikicheka.

Mvua za kwanza zilijaza bwawa. Sitaki kulieleza sana maana nikilieleza nalia, na leo sikuja kulia. Ng'ombe walishuka kwenye mteremko wao kwa utaratibu kama watu wanaokwenda kupokea komunyo kanisani. Tulichota tukiwa bado tunazungumza, maana ulikuwa unafika kabla mazungumzo hayajaisha. Mama, aliyekuwa ameshasahau kuoga mchana, alioga mchana. Kulwa alinunua kioo. Msimu wa kiangazi ulipokuja maji yalishuka, yakashuka, yakabaki dimbwi katikati, na hilo halikuwa ajabu, bwawa lolote la mwaka wa kwanza lingeshuka. Tungeweza kuvumilia wiki chache kwenye visima vya zamani.

Lakini huku, maji yakishuka, mtu hachukui ndoo akarudi nyumbani. Anachimba. Bibi zetu walichimba mchangani mtoni, mama zetu wakachimba mbugani, unapiga jembe magotini maji yanakutokea. Kulwa na wenzake waliingia bwawani na majembe madogo, wakafukua vitobo vya kina cha magoti. Vitobo vile visingetuua. Ndipo wanaume wakaja kuwasaidia.

Hapa ningetakiwa kushtuka. Mume wa Kulwa, yaani kaka yangu, hajawahi kusaidia kuchota maji tangu azaliwe, na sasa alikuja na sururu. Walikuja na masururu, wakaja na mitalimbo. "Pumzikeni, mama zetu, hii ni kazi ya nguvu," walisema. Walichimba mpaka usawa wa kifua, wakachimba mpaka mtu akiingia huoni kofia. Maji yalikuwa yameshatoka zamani, wao wanaendelea. Kulwa alisimama juu akamwita mumewe.

"Baba Masele, ndoo imejaa."

"Bado kidogo."

"Kidogo cha nini? Maji haya hapa."

"Wewe mwanamke chota. Mimi natafuta maji safi."

Hawakupata pembe wala rupia. Walipata mchanga mweupe wa mawe yaliyooza, wakaacha mashimo wazi.

Kiangazi hicho hicho mwenyekiti aliangalia lile rundo jeusi lililozungushiwa miiba akaona tofali. Kijiji hakikuwa na ofisi. Udongo mzuri, mzito, umeshasombwa na mashine za watu bure, umekaa tu unaota majani. Nani wa kukataa? Nilisema kwenye kikao kwamba Mpimaji alikataza. Mwenyekiti akaniuliza, "Kwa nini alikataza?" Sikuwa na sababu ya kumpa, kwa kuwa mwenye sababu aliondoka nayo kwenye tanki la pikipiki. Wakafyatua tofali, tena kwa maji yaliyobaki ya bwawa. Wakachoma, wakajenga, wakapaka chokaa, wakasimamisha bendera.

Mvua zikarudi. Bwawa likajaa, tukapiga vigelegele. Maji yalikaa kama mgeni asiyevua viatu. Wiki haikuisha tukaona ukingo wa tope, kisha ng'ombe wakawa wanashuka wanatafuta, kisha pakawa na ile sakafu imepasuka vipande na mashimo meusi ya kaka yangu na wenzake katikati. Kulwa alichukua ndoo yake akaelekea mbugani, kule kule, giza bado halijapasuka. Nilimfuata. Njia nzima nilikuwa natukana moyoni, nikimtukana kaka yangu, nikimtukana mwenyekiti, na nikimaliza hao nikarudi kwa mwenye suruali.

Hao wawili ni wajinga, na mjinga unamlaumu ukapumzika. Yeye hakuwa mjinga. Alizuia mashine ya tani nyingi kwa kiti cha plastiki, halafu jembe likampita chini ya miguu, kwa sababu alituona sisi ni wa kuambiwa usiguse, kama watoto na jiko.

Mwaka huu nilikwenda kumtafuta. Nilipanda bodaboda mpaka mjini, na njia nzima nikawa napanga maneno, nayapanga kwa ukubwa. Ng'ambo si mahali pa kupotea, mafundi cherehani wanamjua kila mtu. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba ya binti yake, suruali imenyooshwa, macho yamefunikwa na ukungu. Pikipiki ilikuwa ukutani, haiendeshwi tena, inang'aa. Binti akaleta kahawa akaingia ndani.

Nikasema shikamoo, maana hasira haiondoi adabu.

Hakunijua kwa sura. Aligeuza sikio. "Marahaba," akasema. "Na udongo wetu mmeuweka wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue lilikuwa swali la kujibiwa.

"Tumejengea ofisi ya kijiji," nikasema.

"Ofisi."

"Ina bendera."

Akapiga funda la kahawa. "Basi mkachote maji huko."

Hapo ndipo nilipofumuka. Nilimwambia, mzee, ulimbeba mama yangu mgongoni na hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini, lakini leo utanisikiliza. Nilimwambia habari ya vitobo vya magoti na ya mitalimbo. Nilimwambia kwamba shingo ya Kulwa imerudi ilikokuwa. Nilimwambia watu walidhani analinda mali ya Mjerumani.

"Mali gani?"

"Wewe ndiye ungejua. Ulikaa juu yake na mwavuli, hukusema."

Alitaka kucheka, akaacha. "Walichimba mpaka wapi?"

"Mpaka mtu akiingia huoni kofia."

Akaweka kikombe chini, akipapasa meza kwanza. Nilidhani atanyanyuka aingie ndani, na ningemfuata humo humo.

"Vichuguu mnavyo," akasema.

"Tunavyo. Vimejaa."

"Chukueni udongo wa vichuguu. Ulowekeni, mzibe yale matundu tabaka kwa tabaka. Waombeni wafugaji wapitishe ng'ombe juu yake wakanyage mpaka kwato zisizame." Nikajua amemaliza, kama kawaida yake, amri imetoka, duka limefungwa. Nikashika mkoba wangu. Ndipo akasema, kwa shida, kama mtu anayejaribu mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi: "Kwa sababu..."

Nikarudi nikakaa.

"Kwa sababu maji hayakai juu ya changarawe, yanakaa juu ya mfinyanzi. Ule wa njano ndio sufuria. Chini yake ni mchanga, na mchanga hunywa hautosheki. Ukiutoboa sufuria imetoboka. Ule mweusi niliuweka uwe kiraka, siku ikitoboka." Akafikiri kama kuna zaidi. "Basi."

Basi. Kahawa yangu ilikuwa bado inatoa moshi. Yale yaliyotunyima maji, yaliyomrudisha Kulwa mbugani gizani, yaliyofanya kiraka kichomwe kiwe ukuta wa kubandikia matangazo, yalikuwa hayo tu, na mtoto wa darasa la kwanza angeyabeba mpaka nyumbani bila kuyamwaga. Nilikuwa na hasira kuliko nilivyokuja.

"Umeelewa?" akauliza.

"Nimeelewa."

Alinielekezea sikio lake, akangoja. Nikaona anachongoja. Miaka yote ile aliamini kwamba tukijua sababu tutabishana nayo, na sasa ameitoa, amekaa pale na suruali yake iliyonyooka akisubiri nibishe. Nilikuwa na ubishi wa kutosha kufika magharibi, wa mwenyekiti, wa kaka yangu, wa ndoo mbili za pikipiki. Juu ya hilo moja sikuwa nao.

"Huna la kusema?" akauliza tena, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

"Sina," nikasema. "Hata Kulwa asingekuwa nalo, ungetuambia siku ile."

Akageuza uso upande wa pikipiki yake, asiyoiona, akabaki hivyo mpaka nilipoondoka.